Kopo la Maharagwe na Robo ya Tano

Tangu nianze kufundisha darasa la sita nimekichukia kitabu chetu cha hesabu, hasa ukurasa wa fraksio, yaani namba za sehemu. Juu kuna keki ya duara, tarti kwa Kifaransa, imekatwa vipande vinne, vitatu vimepakwa rangi, na chini yake swali: mtoto amekula kiasi gani? Watoto wangu wa hapa Goma hawajawahi kula tarti, na mimi pia sijawahi. Kila mwaka nilikuwa nachora lile duara ubaoni nikiwa nimenuna, nao wananijibu robo tatu kwa sababu wamekariri. Halafu tunageuza ukurasa tunakutana na robo tano, na darasa zima linanyamaza. Utatoaje vipande vitano kwenye keki ya vipande vinne? Kitabu kilikuwa kinaleta tarti ya pili bila kusema imetoka wapi, kana kwamba tarti zinaota kwenye mawe ya volkano.

Mwaka ninaoukumbuka hapa sikutaka tukwame tena pale, na sababu ilikuwa msichana mmoja wa benchi la tatu. Mama yake alikuwa muuza maharagwe katika soko la Birere. Dada yake mkubwa aliacha shule darasa la tano akaenda kukaa nyuma ya magunia, na mama alikuwa ameshasema waziwazi kwamba huyu naye, akijua kusoma na kuhesabu, inatosha. Mimi nikaamua haitoshi. Nilitaka afanye egzame, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, apite, aende sekondari, apende asipende mtu yeyote. Yeye mwenyewe alitaka. Siku moja mlangoni aliniambia atakuwa mwalimu wa hesabu, lakini si wa kupiga kelele kama mimi. Nilimfukuza aende kufagia, na nikacheka alipogeuka.

Basi nikaiacha tarti, nikaleta kopo. Lile kopo pana, fupi, la maziwa ya unga, ambalo akina mama wa masoko yetu yote hupimia maharagwe na unga. Ndani yake nilikuwa nimekwaruza mistari kwa msumari, ikagawa kopo sehemu nne sawa, wa mwisho ukiwa mdomo wenyewe. Nilifikiri nimeshinda kabla sijaanza. Watoto hawa wanalijua kopo kuliko wanavyolijua jina la waziri wa elimu.

Nikawaita wazunguke meza. Nikamwaga maharagwe mpaka mstari wa kwanza, nikaandika robo moja. Mpaka wa pili, robo mbili. Mpaka wa tatu, robo tatu. Nikawaambia hapa kopo halijatimia, kwa hiyo fraksio hii ni ndogo kuliko moja, na ndiyo maana namba ya juu ni ndogo kuliko namba ya chini. Walikuwa wananifuata vizuri. Nikajaza mpaka mdomoni, nikapitisha rula juu, maharagwe yakalala sawasawa na ukingo.

“Robo nne,” nikasema. “Kopo moja zima.”

Darasa likacheka. Sipendi kuchekwa, na kule kuchekwa na watoto waliovua viatu ili wasivichafue ni kubaya zaidi.

“Madame, hiyo haiyatimia,” akasema mmoja wa mbele.

“Imetimia. Imefika kwenye mdomo.”

“Hiyo ni kopo ya mwizi, Madame.”

Kwa anayetoka mbali, nieleze. Kwetu hakuna anayeuza kopo lililolala. Muuzaji anajaza, halafu anarundika kwa mikono miwili mpaka maharagwe yanaanza kuteleza pembeni, na hapo ndipo kopo linaitwa moja. Lililolala tunaliita kopo la kunyoa, na muuzaji anayenyoa kopo atasemwa kuanzia Birere hadi Lac Vert. Nilijua yote hayo, mimi pia nanunua maharagwe. Lakini nilikuwa darasani, na darasani moja inaishia mahali ninaposema mimi. Nikachota robo nyingine, nikairundika juu ya ukingo, kikawa kilima kizuri.

“Robo tano,” nikasema. “Fraksio iliyozidi moja. Ya juu ni kubwa kuliko ya chini. Mnaona ilivyopanda?”

“Sasa ndiyo moja,” wakajibu wote kwa pamoja, wamefurahi, kama watu waliokuwa wakimsubiri mgonjwa apate nafuu.

Nilipiga meza, maharagwe mengine yakaruka. Niliwaita majina ambayo hayapo kwenye programu ya taifa. Ndipo yule msichana akasogea mbele bila kuomba ruhusa, akachukua kopo la pili nililokuwa nimeliweka kando, lenye mistari kama la kwanza, akachukua na rula. Akafagia kile kilima taratibu, kikaangukia kwenye kopo la pili. Akalitikisa, akachungulia ndani. Kilifika mstari wa kwanza.

“Ile ya juu ni robo,” akasema, kwa Kiswahili chetu cha mitaani ambamo ndiyo ni njo. “Kama moja inaishia kwenye mudomo, basi zote pamoja ni robo tano. Lakini kama kopo ya soko njo moja, Madame, ile haiko robo tena. Vipande viko tano, haviko ine. Kila kimoja ni moja ya tano.”

Mwingine akachungulia makopo yote mawili, akahesabu mistari kwa kidole, akasema hapana, ni tano kwa nane, maana mistari ni minane. Kosa hilo nalijua, ndilo lililokuwa linatuua kila mwaka. Nilikuwa nafungua mdomo kumrukia, msichana akaniwahi. “Nane ni ya kopo mbili. Madame anauliza kopo moja.” Akamshika mkono yule mwenzake, akamwonyesha: jaza hii kwanza, ndiyo moja yako, halafu uone kilichobaki ni kiasi gani cha ile moja.

Nilifurahi mpaka nikakasirika. Nimekaa miaka na lile duara la kitabu, na huyu wa benchi la tatu amelimaliza kwa rula na konzi ya maharagwe. Nikawaambia waandike: hapa kwangu moja inaishia mdomoni, na kinachozidi kinahesabiwa peke yake. Wakaandika. Siku ile kwa mara ya kwanza darasa zima lilipata robo saba na robo tisa bila kulia.

Jumamosi iliyofuata mama yake alikwenda kupokea gari la maharagwe lililotoka Kalengera. Barabara ya Rutshuru ilikuwa imefunguka baada ya kufungwa, na kila muuzaji alitaka mzigo wake kabla haijafungwa tena. Akamwachia msichana meza. Na msichana, mwanafunzi wangu bora, akatoa rula, ile tunayoiita lati, kwenye mkoba wa shule na kuanza kunyoa makopo. Kila aliyekuja alipimiwa mpaka mdomoni, rula ikapita. Aliyelalamika aliongezewa robo kando, kwa upole, na maelezo kwamba ile ya juu haiko ndani ya moja. Alikuwa anawafundisha, maskini. Miongoni mwao walikuwemo makiliya wa mama, yaani wateja wake wa tangu zamani, na mwenye mgahawa aliyekuwa akichukua gunia zima. Kabla ya jua kushuka, Birere ilikuwa inasema mama fulani ameanza kuuza kopo la kunyoa, na tena anamtuma mtoto amfanyie.

Hayo niliyasikia Jumatatu, kutoka kwa mama mwenyewe, kwa sauti iliyofika darasa la kwanza.

Aliingia katikati ya somo, mrefu, kitenge kimefungwa kifuani, kopo mkononi na mfuko wa maharagwe begani. Hakubisha hodi wala hakusalimu. Kwetu, mtu akiingia asisalimu, ujue amekuja kupigana. Akaliweka kopo lake juu ya daftari zangu.

“Ni wewe unafundisha mutoto wangu kunyoa kopo?”

“Namufundisha hesabu, mama.”

“Hesabu ya nani?”

“Ya serikali. Ya egzame.”

“Makiliya wangu banasema nimekuwa mwizi. Tangu nianze kupima pale Birere, hakuna mutu alishaniita mwizi. Mutoto anatoka kwako na lati siku moja tu, njo naitwa mwizi.”

Mtu mwingine angempa kiti. Mimi nilikuwa nimelala vibaya, na sikupenda jinsi alivyokuwa anawageuzia watoto wangu mgongo. Nikamwambia, “Kama kopo yako ni ya haki, juu ya nini unaogopa lati?”

Darasa likasema uuu kwa sauti ya chini. Direkta, mkuu wetu wa shule, akatokea mlangoni, mtu wa kusugua viganja, anayeogopa wazazi kuliko anavyoogopa ukaguzi. “Mama, Madame, tafazali, twende tuzungumuzie kwa biro.” Alikuwa anaonyesha ofisi yake, hakuna aliyemwangalia. Mama alifungua mfuko wake, akajaza kopo, akarundika kwa mikono miwili. Nakiri ulikuwa mkono wa mtu anayejua kazi yake, lakini hata mkono unaojua kazi hauna haki ya kuvamia darasa la mtu. Halafu akamwita bintiye mbele.

“Angalia. Hii ni ngapi?”

Msichana alikuwa amesimama katikati yetu, kati ya meza yangu na mfuko wa mama yake, na watoto wote walikuwa wamesimama kwenye mabenchi ili waone. Nami nilitaka jibu lile. Nilikuwa nimelihangaikia kuliko mtu yeyote katika chumba kile.

“Jibu,” nikamwambia. “Unajua.”

“Kwa soko ni moja,” akaanza. “Lakini kwa klasi...”

“Sikukuuliza ya soko na ya klasi,” mama akamkata. “Nimekuuliza ni ngapi.”

Msichana aliliangalia kopo. Maharagwe mawili yalikuwa yanateleza kutoka juu, yakaanguka kwenye daftari. Akasema, kwa sauti ambayo ilibidi tuinamishe vichwa kuisikia, “Robo tano, mama.”

Wanasema nilitabasamu. Sibishi. Nilikuwa nimeshinda, na sikuwa nashinda mara nyingi mwaka ule. Nikamgeukia mama nikamwambia, “Umesikia. Mutoto wako amekupita.”

Nilijiandaa kwa matusi, nilikuwa na yangu tayari, lakini hakutoa hata moja. Alirudisha maharagwe kwenye mfuko, kwanza ya kopo, halafu yaliyoanguka mezani, halafu akachuchumaa akaanza kuokota yaliyoingia chini, katikati ya mawe meusi ya sakafu yetu. Msichana akapiga magoti akamsaidia. Waliokota punje moja moja, mbele ya darasa zima, na hakuna aliyecheka. Walipomaliza mama akasema, “Beba,” na msichana akajitwisha ule mfuko, wakatoka. Mkoba wake wa shule ukabaki kwenye benchi.

Mchana direkta aliniita. Alitaka niende Birere nikaombe msamaha, kwa sababu mzazi ni nguzo ya shule na mambo mengine ya hotuba. Nilimuuliza niombe msamaha wa nini, wa robo? Nilisema lililo kweli mbele ya mtu aliyekuja kupiga kelele darasani kwangu, na akija kesho nitalisema tena. Akasugua viganja. Tangu siku ile tunasalimiana kwa sababu tu mlango wa biro ni mwembamba.

Msichana hakurudi Jumanne, wala wiki ile, wala iliyofuata. Mwenzake wa benchi alimpelekea mkoba, akarudi akisema aliupokea, akasema asante, basi. Nilijua wa kumlaumu. Nilimlaumu yule mama nikifua, nikipika, nikipanga foleni ya maji. Nilimlaumu hadi kanisani, wakati wa kupeana amani, nikiwa nimeshika mkono wa jirani. Kwangu mimi yeye ndiye alikuwa ukuta, na mtoto alikuwa nyuma ya ukuta akinisubiri. Niliwaambia walimu wenzangu hivyo, na wao, waoga wote, wakasema ndiyo, wazazi wa siku hizi.

Egzame ilipokuwa imekaribia kabisa, nikaenda mwenyewe. Si kuomba msamaha. Nilikwenda kumchukua mwanafunzi wangu, na njia nzima nilikuwa nanoa maneno ya kumwambia mama yake: kwamba kuna sheria, kwamba mtoto si gunia, kwamba wivu wa mzazi kwa mtoto wake ni ugonjwa. Maneno mazuri. Nilipofika Birere nilikuwa nimeyapanga mpaka pumzi za katikati.

Mapikipiki yalikuwa yamejaa mpaka mbele ya meza, kila dereva akipiga honi kwa sababu mwenzake amepiga. Nikawaona. Msichana alikuwa amekaa nyuma ya magunia, amejifunga kitenge, kopo mkononi, na wanawake wamemzunguka wakinyoosha mifuko. Mama alikuwa pembeni, anashona mdomo wa gunia kwa kamba. Aliniona kabla sijafungua kinywa. Safari hii pia hakusalimu.

“Njo huyu,” akasema, akamwonyesha binti yake kwa kidevu. “Muulize mwenyewe.” Akageuka, akaendelea kushona.

Nikabaki na hotuba yangu yote, sina wa kumpa. Nikapenya kati ya wanawake mpaka mbele.

“Egzame iko juma ijayo,” nikamwambia msichana. “Nafasi yako iko. Kuya tu. Hata bila yunifomu, nitapanga na direkta.”

“Najua, Madame. Mwenzangu aliniambia.”

“Basi? Mama anakukataza?”

“Hapana.” Alikuwa anajaza kopo la mtu mwingine, akarundika, akamimina, hakumwaga hata punje. “Mama alisema nirudi. Alisema tangu ile wiki ya kwanza. Alinishonea na mukoba, kamba ilikuwa imekatika.”

Nilimgeukia mama. Alikuwa ametuonyesha mgongo, sindano inaingia na kutoka kwenye gunia.

“Sasa ni nani anakukataza?”

“Ni mimi.”

Nilimwambia asinifanyie mchezo. Nilimwambia yeye ndiye wa kwanza katika darasa langu, kwamba wajinga wengi watakwenda sekondari mwaka huu na yeye atakaa hapa kunusa moshi wa pikipiki. Nilimuuliza ile hamu ya kufundisha hesabu ameipeleka wapi. Nilikuwa napiga kelele, najua, maana mwanamke mmoja aliacha kuhesabu fedha zake akaniangalia. Msichana alisubiri nimalize, kama alivyokuwa akifanya darasani.

“Madame,” akasema, “ile siku mulikuwa munaniuliza wote wawili. Nilijibu wewe. Sasa niko najibu mama.”

“Lakini mama mwenyewe anasema rudi.”

“Anasema. Makiliya batatu tu njo barirudi.”

Nyuma yangu wakaanza kunisukuma. “Mama, kama haununue, utoke kidogo,” akasema mmoja, na mwingine akasema walimu siku hizi wanakuja kuhubiri mpaka sokoni. Sikutaka kutoka. Nilifikiri nikibaki pale mbele yake dakika chache zaidi nitapata neno la kumgeuza. Nikafungua mfuko wangu.

“Nipimie moja,” nikasema.

Akachota. Kopo likajaa mpaka mdomoni, mkono wake ukasimama. Akalaza kiganja juu ya ukingo, akakipitisha mara moja, polepole, maharagwe yaliyozidi yakarudi kwenye gunia. Kisha akamimina lile kopo lililolala ndani ya mfuko wangu, akangoja hela. Wanawake waliona. Hakuna aliyesema kopo la mwizi, walikuwa wananiangalia mimi.

Neno likanitoka lenyewe, kama linavyomtoka kila mtu aliyesimama mbele ya magunia yale.

“Ongeza,” nikasema.

“Imejaa, Madame.”

Akapokea mfuko wa mwanamke aliyekuwa nyuma yangu, akazamisha kopo kwenye gunia, akarundika kwa mikono miwili mpaka maharagwe yakaanza kuteleza.